Kura Bila Mamlaka: Serikali Kuu, Federo na Mageuzi ya Uchaguzi Uganda

Mhadhara kwa wakazi wa Bugolobi, Kampala



Nimeombwa nizungumzie mambo mawili: manung'uniko ya wananchi juu ya serikali kuu, na namna ya kuurekebisha uchaguzi wetu. Kwa ruhusa yenu nitayachukua kuwa jambo moja. Tangu uhuru, nchi hii imewahi kugawa mamlaka bila kumpa mwananchi kura ya moja kwa moja. Na imewahi kumpa mwananchi kura ya moja kwa moja bila kugawa mamlaka. Vyote viwili kwa pamoja hatujawahi kuvionja. Anayedai federo, yaani shirikisho, peke yake anadai nusu, na anayedai tume huru ya uchaguzi peke yake anadai nusu ya pili. Hiyo ndiyo hoja yangu ya jioni hii.

Nani anaitawala Bugolobi?

Tuanze hapa tulipo. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya katikati ya jiji hushuka kwa mfereji wa Nakivubo, hupita bondeni kati yetu na Namuwongo, kisha huingia ziwani. Mtambo wa kusafisha majitaka ya jiji nao uko hapahapa Bugolobi. Kwa hiyo kila uamuzi mbaya unaofanywa juu ya maji na takataka za Kampala, sisi tunausikia puani kabla ya kuusoma gazetini.

Sasa mkazi wa hapa akitaka kulalamika, aende kwa nani? Aliwachagua wengi. Siku za uchaguzi hupewa karatasi ya Rais, ya mbunge wa jimbo, ya mbunge mwanamke, ya Meya Mkuu, ya diwani wa Baraza la Jiji, ya meya wa divisheni ya Nakawa, na za madiwani wa divisheni. Kijijini kwake yuko mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anayempigia muhuri barua. Ukihesabu wachaguliwa, huenda hakuna raia aliyewakilishwa zaidi kuliko mkazi wa Kampala.

Lakini uliza nani anayeshika fungu la fedha. Ni Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Jiji, na huyo huteuliwa na Rais. Juu yake yuko Waziri wa Kampala, naye huteuliwa na Rais. Nakawa kuna kamishna mkazi anayemwakilisha Rais. Hali hii haikuzuka yenyewe. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliandika katika Ibara ya 5 kwamba Kampala itaendeshwa na serikali kuu, na Sheria ya Mamlaka ya Jiji la Kampala ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2011, ikaujenga utaratibu wenyewe. Meya Mkuu akabaki na joho, mkufu na kura zake.

Mwaka 2011 wakazi walimchagua Erias Lukwago kuwa Meya Mkuu, na mwaka huohuo Rais akamteua Jennifer Musisi kuwa Mkurugenzi Mtendaji. Wengi walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Msemo huo haukufaa, kwa kuwa fahali mmoja alikuwa amefungwa kamba tangu mwanzo. Novemba 2013 Lukwago aliondolewa na baraza katika mvutano ulioishia mahakamani, na ofisi ikawa kama imefungwa kwake mpaka wapiga kura walipomrudisha mwaka 2016. Walimrudisha kwenye kiti kilekile chenye mamlaka yaleyale machache.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Baraza la Jiji la zamani, lile la kabla ya 2010, halikuwa malaika. Mashimo ya barabarani na milundo ya taka vilikuwa mzaha wa mji, na rushwa yake ilijulikana. Chini ya Musisi ukusanyaji wa mapato uliongezeka sana na baadhi ya barabara zikapona. Aliyesema wakati ule kwamba jiji linahitaji wataalamu hakukosea. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mtaalamu hawezi kuwajibika kwa mwananchi, kwamba ili kazi ifanyike lazima mpiga kura awekwe kando.

Gharama ya kosa hilo tuliiona Agosti 10, 2024, mlima wa taka wa Kiteezi ulipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Taka ni za Kampala. Kiteezi iko Wakiso. Waliofukiwa hawakuwa na kura Kampala, na sisi tulio na kura Kampala hatukuwa tumemchagua mwenye kuamua. Mwezi uliofuata Rais alimfukuza Mkurugenzi Mtendaji, Dorothy Kisaka, pamoja na wakubwa wengine wawili. Wengi walipiga makofi. Mimi niliuliza: je, kama Rais asingeamua kumfukuza? Wananchi wangekuwa na njia gani? Hawakuwa nayo. Tulitazama tu adhabu ikitolewa, kama tulivyotazama uteuzi ukifanywa.

Na mwaka 2025, mwekezaji binafsi alipoanza kujenga juu ya mfereji wa Nakivubo kwa kuungwa mkono na Rais, Meya Mkuu alipinga hadharani. Ujenzi haukumsubiri.

Nusu ya kwanza: mamlaka bila kura

Wapo kati yenu wanaosema dawa ni moja tu, turudi kwenye federo ya 1962. Naheshimu kilio hicho, kwa maana tumekaa kwenye ardhi ya Buganda na kilio chenyewe kina sababu. Lakini tuikumbuke 1962 yote, bila kuchagua kurasa.

Katiba ya uhuru iliipa Buganda hadhi ya shirikisho, na falme za Ankole, Bunyoro na Toro zikapata sehemu ya hadhi hiyo. Mengo, makao ya Buganda, ilikuwa na serikali yake, bunge lake la Lukiiko na mahakama zake. Lakini wawakilishi 21 wa Buganda katika Bunge la taifa hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Februari 1962 chama cha Kabaka Yekka kilitwaa viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko vilivyopigiwa kura, kisha Lukiiko ndiyo iliyowateua wale 21. Aprili, katika uchaguzi wa Bunge la taifa, UPC ya Milton Obote ilipata viti 37 na DP ya Benedicto Kiwanuka 24. Wale 21 wa Mengo wakaungana na Obote, na serikali ikapatikana kwa makubaliano ya wakubwa wawili.

Makubaliano ya wakubwa hudumu kadiri wakubwa wanavyopendana. Mwaka 1963 Mutesa II, Kabaka (mfalme) wa Buganda, alikuwa Rais na Obote Waziri Mkuu. Aprili 1966 Obote aliwapa wabunge katiba mpya waipitishe kabla hawajaisoma. Nakala waliambiwa watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Mei 24 jeshi lilishambulia ikulu ya Mengo. Mwaka 1967 falme zilifutwa. Na Bunge lililopitisha mabadiliko hayo ni lilelile la 1962. Wananchi hawakuulizwa tena katika uchaguzi mkuu mpaka Desemba 1980, miaka 18 baadaye.

Sisemi kwamba federo iliuawa na ukosefu wa kura. Iliuawa na bunduki. Ninachosema ni kwamba mamlaka yale yalikuwa mali ya viongozi kuliko wananchi, na yalipoporwa, mkulima wa Bugerere au Masaka hakuwa na chombo cha kisheria cha kuyadai.

Nusu ya pili: kura bila mamlaka

Baada ya 1986, mwelekeo uligeuka. Mabaraza ya vijiji yalikuja, na Katiba ya 1995 ikaahidi kugatua madaraka. Kwa miaka michache Uganda ilisifiwa Afrika nzima kwa ugatuzi wake. Kisha ukaja mwaka 2005, ambao naomba vijana waukariri.

Julai 28, 2005, tulipiga kura ya maoni na vyama vingi vikarudi. Tulishangilia. Mwaka huohuo ukomo wa mihula ya Rais ulifutwa. Mwaka huohuo Kampala ilikabidhiwa serikali kuu. Mwaka huohuo uteuzi wa maofisa watawala wakuu wa wilaya ulihamishwa kutoka wilayani kwenda makao makuu. Na mwaka huohuo kodi ya kichwa, chanzo kikubwa cha mapato ya wilaya, iliondolewa, miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2006. Kodi ile ilichukiwa, na ilistahili kuchukiwa kwa jinsi ilivyokusanywa. Lakini haikuwekwa nyingine ya maana mahali pake, na tangu hapo wilaya zinaishi kwa ruzuku. Hata Kiswahili hiki ninachowahutubia kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka huohuo. Tulipewa lugha ya kuongea na vyama vya kujiunga navyo, huku vitu vya kuamulia vikipanda juu.

Marekebisho hayo yalileta pia ahadi ya serikali za mikoa. Mengo haikuridhika nayo, na mpaka leo haijaanza kazi.

Badala ya mamlaka, tukapewa wilaya. Mwaka 1986 zilikuwa 33. Katika uchaguzi wa 2021, wilaya na majiji pamoja vilifikia 146, na kila kimoja kilipeleka mbunge mwanamke. Ongeza wabunge 353 wa majimbo, 10 wa jeshi, na watano watano wa vijana, wafanyakazi, watu wenye ulemavu na wazee, utapata Bunge la watu 529. Wilaya mpya huzaa bendera, gari la mwenyekiti, kiti cha Bunge na sherehe ya kumshukuru aliyeileta. Hospitali yake husubiri fedha kutoka Kampala, na Kampala husubiri Wizara ya Fedha.

Hapo ndipo uchaguzi wetu unapoharibika hata kabla ya siku yenyewe. Kama mamlaka yote yako kwenye kiti kimoja, basi kiti hicho kinafaa kupiganiwa kwa kila njia, na aliyeshindwa hana pa kwenda. Kama mbunge hana anachoweza kuleta ila kwa hisani ya juu, atanunua kura kwa sabuni na chumvi, kwa kuwa ndivyo vitu alivyo na uwezo navyo. Na mpiga kura si mjinga. Anachukua sabuni kwa sababu amepima akaona hakuna kingine kitakachokuja.

Wengine wameacha hata kuchukua sabuni. Mwaka 1996 waliopiga kura ya Rais walizidi asilimia 70 ya waliojiandikisha. Januari 2026 walikuwa zaidi kidogo ya nusu.

Nani anahesabu?

Nisieleweke kwamba sanduku lenyewe ni safi. Desemba 1980, kura zilipokuwa zinahesabiwa, Paulo Muwanga wa Tume ya Kijeshi alitoa amri kwamba hakuna atakayetangaza matokeo isipokuwa yeye. Vita vya msituni vilivyoanza Februari 1981 vilijihalalisha kwa uchaguzi huo. Miaka 35 baadaye, Oktoba 28, 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi mzima kwa tangazo lake, na uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa na chama kikuu cha upinzani. Popote mtu mmoja anapokuwa na neno la mwisho, kura za mamilioni ni maoni tu.

Mahakama yetu imeyaona haya. Mwaka 2001, katika shauri la uchaguzi wa Rais, majaji wote watano wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba sheria ilikiukwa, lakini kwa watatu dhidi ya wawili wakasema ukiukaji haukubadilisha matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2006 ukiukaji ulithibitishwa tena, na shauri likashindwa kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Mwaka 2016, katika shauri la mgombea Amama Mbabazi, mahakama ililalamika kwamba mapendekezo yake ya awali yalipuuzwa, ikaorodhesha mageuzi na kumpa Mwanasheria Mkuu miaka miwili. Kabla miaka hiyo miwili haijaisha, Bunge lilipata nafasi ya kushughulikia jambo tofauti: Desemba 2017, kwa kura 317 dhidi ya 97, liliondoa ukomo wa umri wa Rais.

Jirani zetu Kenya wana kasoro zao, na hawahitaji tuwasifu. Lakini wametuonyesha kitu kimoja. Mwaka 2017 mahakama yao ya rufani iliamua kwamba matokeo ya jimbo yakishatangazwa jimboni ni ya mwisho, makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Septemba 1 mwaka huohuo Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, ikitazama jinsi ulivyoendeshwa na siyo tarakimu peke yake. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi kwenye intaneti. Makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo, nchi haikulazimika kuchagua kamishna wa kumwamini. Fomu zilikuwepo, kila mwenye simu akajumlisha, na mahakama ikawa na kitu cha kushika.

Sisi, mwaka 2021, tulipohitaji simu, intaneti ilizimwa. Mwaka 2026 ilizimwa tena. Na asubuhi ya uchaguzi huo mashine za kutambua wapiga kura ziligoma vituo vingi, mpaka Tume ikaagiza daftari la karatasi litumike.

Mapendekezo

Naleta sita. Matatu ni ya kuhesabu kura, matatu ni ya kuipa kura kazi.

La kwanza: Tume ya Uchaguzi isiteuliwe na mgombea. Leo makamishna saba huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge ambalo chama chake kina wingi. Nafasi zitangazwe, waombaji wahojiwe hadharani na jopo lisilo la serikali, na Rais apewe majina ya kutia saini tu. Mkutano wa kitaifa wa Novemba 2014, uliotoa Mkataba wa Wananchi juu ya uchaguzi huru na wa haki, ulidai tume mpya ya namna hii. Dai hilo bado liko mezani.

La pili: matokeo ya kituo yawe ya mwisho. Sheria yetu tayari inataka kura zihesabiwe kituoni mbele ya watu. Iongezwe kwamba kila fomu ichapishwe siku hiyohiyo ionekane na wote, na kwamba kuzima intaneti katika juma la uchaguzi ni kosa la jinai.

La tatu: sheria ya mashauri ya uchaguzi wa Rais ibadilishwe. Mlalamikaji akithibitisha ukiukaji mkubwa wa sheria, mzigo wa kuonyesha kwamba haukuathiri matokeo uwe wa Tume, maana ndiyo yenye karatasi.

La nne: Kampala irudishwe kwa wenyewe. Ibara ya 5 irekebishwe. Mkurugenzi Mtendaji apatikane kwa ushindani na aajiriwe, na ikibidi aachishwe, na baraza lililochaguliwa. Utaalamu ubaki, ila uwe na bosi anayepigiwa kura. Serikali kuu ibaki na majengo yake, mabalozi na ulinzi wa makao makuu.

La tano: mikoa michache yenye nguvu, badala ya wilaya nyingi zisizo na kitu. Iwe ni Buganda, Busoga, Acholi au Kigezi, mkoa uwe na bunge lake lililochaguliwa moja kwa moja, na fungu lake la mapato liandikwe kwenye Katiba. Kenya iliandika kwamba kaunti zake 47 zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Sisi tukubaliane kiwango chetu, lakini kiandikwe, kisiwe zawadi. Wafalme na machifu wa jadi waheshimiwe kama walivyo. Anayepanga bajeti apigiwe kura.

La sita: ukomo wa mihula miwili urudishwe, na usiweze kuguswa ila kwa kura ya maoni. Umewahi kufutwa na wabunge katika jengo moja. Wakati ujao waulizwe wananchi wote.

Pingamizi mbili

Wataniambia federo ni ajenda ya Waganda. Jibu langu ni kuwatazama wakazi wa Karamoja na Lango. Wao wako mbali zaidi na hazina kuliko Mengo, na ndio wenye faida kubwa zaidi fungu likiandikwa kwenye Katiba.

Wataniambia pia kwamba ugatuzi hugatua wizi, na wataonyesha magavana wa Kenya waliofikishwa mahakamani. Ni kweli. Lakini magavana wengine waliangushwa kwa kura, na wananchi waliowaangusha hawakuhitaji kusubiri hasira ya Rais. Mwizi wa karibu huonekana, na akionekana hutolewa. Ndiyo maana narudia kwamba nusu hizi mbili haziachani: mamlaka yakishuka bila kura safi, tutakuwa na wafalme wadogo kadhaa badala ya mkubwa mmoja; kura ikisafishwa bila mamlaka kushuka, tutahesabu vizuri sana kura za watu wasio na kazi.

Jambo la kuanza nalo kesho

Ndugu zangu, haya hayatatolewa kwa hisani. Bunge lililobadilisha Katiba mara mbili kwa manufaa ya kiti kimoja halitaibadilisha kwa manufaa yetu mpaka liogope. Kwa hiyo tuanze na madogo yaliyo mikononi mwetu. Uchaguzi wa LC1 ulikaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila kurudiwa mpaka Julai 10, 2018, tulipopanga mistari nyuma ya wagombea, na muda wa waliochaguliwa siku ile ulipokwisha ukaongezwa tena na tena. Tuliyavumilia hayo kimya. Msiyavumilie tena. Dai uchaguzi wa kijiji kwa tarehe yake. Siku ya kura, baki kituoni mpaka fomu isainiwe, na uipige picha. Na mgombea yeyote atakayekuja Bugolobi kuomba kura, wa chama tawala au wa upinzani, mwulizeni maswali mawili: utapiga kura kuirudisha Kampala kwa wakazi wake? Utakubali fomu ya kituo iwe ya mwisho? Akijibu ndiyo kwa moja na kukwepa jingine, huyo bado hajastahili kura yenu.